Bakapu yangu ilikuwa inaangukia kwenye bitana



Nimekuwa msomaji hapa kwa muda mrefu, hasa kwenye mambo ya singo, hina na futari, na leo naomba nafasi niandike mimi. Niko bara, Shinyanga mjini, kata ya Kambarage, si mbali na uwanja wa mpira. Nashona nguo za maharusi. Ninachotaka kuwasimulia kinahusu kompyuta, lakini msikimbie. Yumo bi harusi ndani yake, yumo na mama yake. Na kama umewahi kupigwa picha mbele ya kioo cha fundi huku shungi umeliweka kando kwa sababu pazia limefungwa na waliomo ni wanawake watupu, basi habari hii ni yako pia.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda kusoma ushonaji, nikaanza na cherehani moja barazani kwa mama. Sasa nina cherehani nne na wasichana watatu. Wateja wangu wengi hawakai hapa mjini. Wanatoka Kahama, Geita, Mwadui, wengine ni wake na mabinti wa watu wa dhahabu ambao leo wako huku na kesho wamehamia kwenye machimbo mengine. Mtu akitoka Kahama mpaka kwangu amepita Tinde, amekula vumbi, ametumia nauli. Huwezi kumwambia rudi tena Jumanne nimesahau kukupima mkono. Akija mara moja napima kila kitu, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, bega, na naipiga picha nguo akiwa ameivaa, mbele, nyuma na ubavuni, ili nikikaa usiku kurekebisha nione kasoro iko wapi.

Zamani vyote vilikuwa kwenye daftari. Siku moja msichana akaweka pasi ya moto juu ya daftari, basi. Kurasa za katikati zikageuka kahawia, vipimo vya sare za familia nzima vikaondoka. Ndipo nikanunua kompyuta iliyotumika. Ikaja na Windows, flashi za wateja wakileta mitindo zikaijaza virusi, mpaka kijana mmoja akanishauri aniwekee Linux, ile inayoitwa Mint. Nilidhani ni kitu cha wataalamu. Kumbe haina gharama, na kwa kazi zangu za picha, vipimo na risiti inatosha kabisa. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi tu huko Finland. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, nami nikiwa shule sikuwahi hata kuisikia. Tunapitwa na mengi.

Sasa, bakapu. Kaka yangu ana duka la vifaa vya ofisini, milango mitatu kutoka kwangu, anachapa, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti. Tukakubaliana: kompyuta yake ina diski kubwa, atengeneze folda pale, na kompyuta yangu kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni iwe inatuma nakala ya kila nilicho nacho. Duka langu likiungua au likivunjwa, kazi yangu iko kwake. Yule kijana akatufungia, akavuta waya juu ya dari kutoka kwenye ruta ya kaka, akaandika maelekezo ya kompyuta kufanya kazi hiyo yenyewe, akalipwa, akaondoka. Nikakaa na amani mwaka mzima. Nilikuwa nawaambia hata mafundi wenzangu, mimi nina bakapu.

Ili muelewe kilichotokea, nawaeleza kama fundi. Kwenye Linux, folda iliyoko kwenye kompyuta nyingine huipachiki kwa kuibeba. Unaipachika kama mfuko kwenye gauni. Kuna sehemu kwenye kompyuta yako, folda tupu tu, kwangu inaitwa `/mnt/akiba`. Ukipachika, folda ya kaka inakaa juu ya ile sehemu, na kila unachotia pale kinakwenda kwake. Mfuko ukifumuka, ile sehemu bado ipo. Mkono bado unaingia. Ila unachotia hakiingii mfukoni, kinaanguka kati ya kitambaa na bitana. Hela unayo, unatembea nayo, koti linazidi kuwa zito, na wewe mfukoni huikuti.

Hicho ndicho kilichonipata. Mwanzoni mwa Rajab, siku ya Jumatano, umeme ulikatika, uliporudi ukaja kwa nguvu, ruta ya kaka ikaungua. Akanunua nyingine siku hiyo hiyo. Mimi hata sikujua, intaneti ilirudi, nikaendelea na mambo yangu. Kumbe ruta ndiyo inayogawa namba kwa kila kompyuta kwenye mtandao wa ndani, na ile mpya iligawa upya. Kompyuta ya kaka iliyokuwa na namba inayoishia na 20 ikapewa namba nyingine. Kompyuta yangu ikawa inaitafuta 20 kila inapowaka, haiipati, inanyamaza. Ilinyamaza kwa sababu yule kijana aliiandikia `nofail`, maana yake usipoipata endelea tu, usinizuie kuwaka. Ni jambo zuri, bila hilo kompyuta ingeweza kuchelewa kuwaka kila kaka anapozima yake. Lakini maelekezo ya kunakili hayakuwa na neno hata moja la kuuliza kama mfuko umepachikwa au la. Ijumaa ikifika yananakili. Kila Ijumaa folda mpya yenye tarehe, kila nakala karibu gigabaiti 38, zote zinaanguka humo humo kwenye diski yangu ya gigabaiti 256.

Katikati ya Rajab akaja bi harusi wangu kutoka Kahama pamoja na mama yake. Mama alikuwa mcheshi yule, Allah amrehemu. Aliichukua futi yangu akaivaa shingoni, akaanza kumpima binti yake mwenyewe na kumwambia kiuno hiki ulikitoa wapi, kwetu hakuna. Tulicheka mpaka mashine zikasimama. Nikawapiga picha kwa simu, binti ndani ya gauni lenye pini, mama na futi shingoni, vichwa wazi wote wawili, mama anacheka mdomo wazi kabisa. Nilipiga bila kufikiri. Jioni nikahamishia kompyuta na kuifuta kwenye simu, kwa sababu simu yangu huwa inajaa.

Siku kumi na moja baadaye nikapigiwa simu kwamba mama amefariki. Presha, usiku mmoja tu. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nikaenda Kahama kuzika, nikarudi.

Wiki ile ile, Rajab inaelekea kuisha, nikaona kompyuta inakuwa nzito. Nikaangalia nafasi, imebaki gigabaiti 7. Nikajiambia picha za simu zimejaa. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka mikono inakuwa baridi. Nikalifungua folda la picha za simu za mwezi ule, sikuzitazama moja moja, nikasema hizi ziko kwa kaka. Nikafuta, nikamwaga na pipa la taka.

Ijumaa ya kwanza ya Shaaban bakapu ikajiendesha kama kawaida yake. Jumamosi asubuhi nawasha kompyuta, naandika paswedi, kioo kinakuwa cheusi, kinanirudisha kwenye paswedi. Naandika tena, kinanirudisha tena. Siku 12 zimebaki kabla ya ndoa ya yule binti, ambayo familia iliamua isiahirishwe, ifanywe kimya kimya tu bila ngoma. Saa nne asubuhi hiyo hiyo simu ikaita. Ni yeye. Alinisalimia, akauliza gauni limefikia wapi, kisha akakaa kimya kidogo, akasema, "Dada, ile picha uliyotupiga na mama, unayo? Mimi sina picha yake yoyote anacheka."

Nikasema ninayo. Nilisema hivyo kwa kuwa niliamini iko kwa kaka.

Nikaenda kwa kaka. Tukafungua folda. Nakala ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa ya mwisho ya Jumada al-Thani, kabla hata Rajab haijaingia. Baada ya hapo, hakuna kitu. Kaka ananitazama, mimi natazama kioo. Nilihisi miguu haipo.

Nikaita fundi wa kompyuta wa jirani. Akaja, akawasha, akaona inarudi kwenye paswedi, akasema diski imekufa au mfumo umeharibika, dawa ni kufomati na kuweka upya, elfu thelathini. Nikamuuliza vitu vyangu je? Akasema kama una bakapu huna shida. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia mbele ya wateja, jambo ambalo silifanyi.

Aliyeniokoa, baada ya Mola, ni binti wa jirani yangu anayesoma mambo ya kompyuta chuoni Mwanza, alikuwa nyumbani likizo na alikuja kuchukua baibui la mama yake. Akaniambia, "Anti, asifomati mtu. Ngoja niiangalie kwanza." Yule fundi akacheka. Binti akabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, kikatokea kioo cheusi cha maandishi matupu, akaingia kwa jina langu na paswedi, ikakubali. Akaandika `df -h`. Akanionyesha kwa kidole: diski kuu, asilimia 100. "Haijafa," akasema, "imeshiba. Haina hata pa kuandikia kwamba umeingia, ndiyo maana inakutoa nje."

Imeshiba nini, ndilo swali. Akaandika amri nyingine ya kupima kila folda lina uzito gani, `du -xsh`, akaenda anashuka ngazi moja moja. Picha zangu na vipimo, gigabaiti 32. Mfumo wenyewe, 25 hivi. Halafu `/mnt/akiba`, zaidi ya 170. Akageuka akaniuliza hili ni folda gani? Nikamwambia hilo ni la kaka, liko kule. Akaandika `mountpoint /mnt/akiba`, kompyuta ikajibu kwamba pale hapajapachikwa chochote. Akaangalia orodha ya ndani: nakala nne kamili, zenye tarehe za Ijumaa nne za Rajab, na ya tano imeishia njiani.

Nilielewa kabla hajamaliza kueleza, kwa sababu nimeshawahi kukuta shilingi elfu kumi kwenye bitana ya koti la mteja.

Nikataka afute zile nakala hapo hapo ili kompyuta ifunguke nifanye kazi. Akanishika mkono. "Anti, ulifuta kitu chochote humu karibuni?" Nikamwambia picha za simu. Akasema basi huenda hizi unazoita takataka ndizo peke yake zilizobaki nazo. Tukafungua nakala ya Ijumaa ya tatu. Folda la picha za simu lilikuwepo. Mama wa watu alikuwepo, futi shingoni, anacheka.

Sitawaeleza nilivyokuwa. Niseme tu kwamba kama yule fundi angefomati, angefuta kazi yangu na bakapu yake kwa pamoja, maana vyote vilikuwa diski moja. Na kama angekuwa mjuzi kidogo zaidi, akarekebisha namba na kulipachika folda la kaka juu yake bila kuangalia chini, zile nakala zingefunikwa. Zisingefutika, lakini zisingeonekana pia, na diski ingebaki imejaa bila mtu kujua imejazwa na nini. Binti alisema hiyo ni shida ya kila siku, watu wanahangaika wiki nzima kutafuta nafasi iliyopotea na iko chini ya mfuko.

Tukaazima diski ya nje. Tukanakili zile nne kwa rsync. Hiyo ni programu ya siku nyingi, tangu 1996, ya Andrew Tridgell na mwenzake Paul Mackerras, na huyo Tridgell ndiye pia aliyeanzisha Samba inayozifanya Linux na Windows zisomeane mafolda. Uzuri wa rsync ukiiongezea herufi `n` haigusi kitu, inakuambia tu ingefanya nini. Tukalinganisha hivyo mara mbili, tukahakikisha tena kwamba mfuko haujapachikwa, maana ungekuwa umepachikwa tungekuwa tunafuta vya kaka, ndipo tukafuta. Kompyuta ikafunguka mchana ule ule. Gauni lilikamilika.

Ningeweza kuishia hapa na mngesema alhamdulillah. Lakini jioni ile binti alikuwa anaangalia upande wa kaka ili aunganishe upya, akanyamaza, akachukua simu yake mwenyewe. Akaiunganisha na waifai ya duka la kaka. Paswedi ya waifai ile imebandikwa ukutani, wateja waweze kutuma faili za kuchapa. Akafungua programu ya mafaili ya simu, akagusa mara tatu, akanigeuzia kioo.

Zilikuwa picha za wateja wangu. Hakuombwa paswedi. Yule kijana aliyefunga mara ya kwanza aliliacha folda wazi kwa kila aliye kwenye mtandao, ili lisisumbue. Mwaka mzima na zaidi. Mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la kaka akisubiri kopi ya kitambulisho angeweza kufungua akaona binti za watu wanajipima shela, mabega wazi, nywele wazi, jina la kila mmoja limeandikwa kwenye folda pamoja na kifua, kiuno na nyonga.

Sijui kama kuna aliyefungua. Kaka ameapa vijana wake hawajawahi, na ninamwamini kuhusu vijana wake. Waliokuja kuchapa siwezi kuapa kwa ajili yao. Nilipokuwa nalia asubuhi nililia kwa sababu ya kazi yangu. Jioni ile sikulia, nilikaa tu. Mwanamke anaponiambia fundi funga pazia, ananipa amana. Mimi nilifunga pazia mbele yake, kisha nikafungua dirisha nyuma ya mgongo wake, na sikuwahi hata kuuliza kama lina kitasa.

Mume wangu aliniambia funga folda, ukae kimya, hakuna aliyelalamika, utajiharibia biashara. Aliyasema kwa kunihurumia. Mama yangu aliniuliza swali moja tu: ungekuwa wewe ungetaka kuambiwa? Nikaandika majina. Yalifika 31. Nikapiga simu moja moja kwa siku nne, baada ya Alasiri, nikiwaeleza ilikuwaje, nimefunga lini, na kwamba sijui kama kuna aliyeona. Wengi walinishukuru. Wawili walinifokea, wana haki. Mmoja alikuja kuchukua kianzio chake na kitambaa chake, hajarudi mpaka leo, na mama mmoja mtu wa Geita alinikatia simu, nikampelekea ujumbe, haujajibiwa. Yule wa Kahama nilimwambia uso kwa uso alipokuja kuchukua gauni. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Na ya mama ilikuwemo?" Nikamwambia hapana, ya mama haikuwahi kufika kule, ilianguka njiani. Akasema alhamdulillah. Hitilafu ile ile iliyokaribia kuipoteza ndiyo iliyoisitiri.

Shoga zangu wenye maduka, saluni, studio za hina na picha, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mimi nilidhani ni ya mabenki na kampuni za simu. Ukitunza majina ya watu, namba zao na picha zao, jiulize na wewe.

Sasa tulichokirekebisha, kwa anayetaka kumwonyesha fundi wake. Kwenye ruta, kompyuta ya kaka imetengewa namba yake ya kudumu, haichezi tena. Kwenye maelekezo ya Ijumaa, mstari wa kwanza kabisa unauliza, `mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1`, yaani mfuko kama haupo, acha, usinakili. Tena binti akafanya ujanja mwingine nilioupenda sana. Mfuko ukiwa umefumuliwa, akaifunga ile sehemu tupu kwa `chattr +i`, hata kompyuta yenyewe kwa cheo chake kikubwa haiwezi kutia kitu pale mpaka folda la kaka liwe juu yake. Ni kama kushona bitana mpaka mdomoni mwa mfuko. Akaongeza pia `_netdev` na `x-systemd.automount`, ili lipachikwe pale linapohitajika, kwa sababu umeme wetu ukirudi kompyuta yangu huwa inawaka kabla ya ya kaka.

Folda la kaka likawekwa jina na paswedi. Hapo tulikwama saa nzima, inakataa, inasema kosa namba 13, ruhusa imekataliwa. Kumbe mimi niliyeandika paswedi kwenye faili lake niliacha nafasi moja tupu mwishoni, na kompyuta inaihesabu. Nimejifunza zile namba kidogo. 13 ni jina au paswedi. 2 mara nyingi ni jina la folda umelikosea. 115 ni kwamba mashine yenyewe haifikiki, kaguane na waya na ruta. 112 inasema mashine imezimika hata kama unaiona inawaka, na mara nyingi ni kifaa cha zamani kinachozungumza lugha ya zamani ya SMB1, ambayo Linux iliacha kuitumia yenyewe tangu 2017, mwaka ule wa kirusi cha WannaCry. Faili lenye paswedi nalo linafungwa kwa `chmod 600`, asilisome mwingine.

Lakini paswedi ya folda peke yake haikunitosha, kwa sababu kompyuta ni ya kaka na wanaokaa mbele yake ni wanaume. Kwa hiyo tumeiacha ile njia ya kunakili wazi wazi, tunatumia programu inaitwa restic. Inafunga kila kitu kwa siri hapa hapa kwangu kabla hakijatoka. Kule kwa kaka kinafika kama marobota yasiyo na majina, hata akifungua haoni picha wala jina la faili. Na haitumi kila kitu upya kila Ijumaa, inatuma kilichobadilika tu, nafasi inatosha. Tahadhari yake ni moja: ukipoteza paswedi ya restic, vitu vimekwenda, hakuna wa kukufungulia. Yangu nimeiandika kwenye karatasi, iko kwenye sanduku la mama yangu pamoja na hati ya kiwanja.

Kila mwezi mwandamo nafanya jaribio. Nachagua faili moja, naliita lirudi kutoka kwa kaka, nalifungua nalitazama. Mwezi wa pili halikurudi, kaka alikuwa amehamisha meza na waya umechomoka. Safari hii nilijua siku ile ile, maana bakapu ilikataa na binti alishaniwekea taarifa inatokea kwenye kioo.

Picha nazo nimepunguza. Nguo naivalisha sanamu kwanza. Ikibidi ni mwilini, napiga kuanzia shingoni kushuka, na ninamuuliza mwenyewe kabla sijainua simu. Gauni likishatoka dukani nafuta picha, nabaki na vipimo. Wapo wanaosema fundi wewe siku hizi una mambo mengi. Sawa.

Picha ya mama sikuitaka ipite kwenye mashine ya duka la kaka. Binti wa jirani aliipeleka Mwanza kwenye flashi, akaichapa mwenyewe mahali anapofanya kazi mwanamke, akairudisha kwenye bahasha iliyofungwa. Niliiweka ndani ya boksi la gauni, chini ya shela. Usiku wa ndoa, saa tano hivi, alinitumia ujumbe wa sauti. Hakuzungumza kitu, alikuwa analia na kucheka pamoja, na nyuma yake nikasikia shangazi zake wanasema hebu nipe na mimi niione, nipe na mimi.